Al-Inkishafi na Moyo Wenye Shaka

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu msomaji, ni nyumba chache za watu wa pwani ambazo hazijapata kusikia utenzi wa Al-Inkishafi. Aliutunga Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir yapata miaka 200 iliyopita, nasi tukaurithi kwa midomo ya wazee na kwa hati za Kiarabu kabla William Hichens hajauchapisha London mwaka 1939. Mimi nimeusomesha miaka mingi na ninaupenda. Leo nataka tuupime kwa kazi tunayoupa, kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuutumia pasipo mahali pake, na aliyeumia ni kijana wa watu.

Nilikuwa nikisomesha watoto Mdandu, katika nchi ya Wabena, upande wa Njombe na Makambako. Huko baridi ya Julai humtafuta mtu mpaka mifupani, na Waislamu ni wachache kati ya majirani Wakristo. Kijana mmoja wa pwani, aliyekuja huko kwa biashara ya mbao, alinijia usiku baada ya Isha. Akaniambia kwa haya kwamba anaswali lakini moyo wake haujui tena kama anasikiwa. Sikumwuliza limemfika lini wala kwa sababu gani. Nilimpa Al-Inkishafi nikamwambia: "Soma, mwanangu, moyo utaamka."

Baada ya wiki mbili akanirudishia. Akasema: "Shekhe, mimi sikusahau mauti. Mwezi wa Ramadhani nilimzika mwanangu wa kwanza. Mimi nauliza kama Mungu yupo pamoja nami, nawe umenipa khabari za moto."

Sikuwa na jibu usiku ule. Nilipobaki peke yangu niliufungua tena utenzi, nikausoma kama mtu asiyepata kuusoma.

Tazama, ndugu msomaji, ulivyopangwa. Baada ya kumhimidi Mungu na kumswalia Mtume, mtunzi anaugeukia moyo wake na kuulaumu. Anauonyesha dunia kuwa ni mangati na bahari iliyochafuka. Kisha anautembeza katika magofu ya Pate: majumba yaliyokuwa yakiwaka taa sasa ni makao ya popo na bundi, na mabwana waliotembea kwa maringo wamelala katika wanandani. Mwisho, katika nakala tulizo nazo, anataja matabaka ya moto moja baada ya moja, na hapo ndipo anapotuacha.

Katika kazi hiyo sijui utenzi wa Kiswahili unaoupita. Na una adabu moja ambayo wengi wetu wawaidhi hatuna: mtunzi hamnyoshei kidole jirani, anausuta moyo wake mwenyewe. Lakini moyo ule una ugonjwa gani? Ni ghafla. Ni moyo wa mtu anayejua kuwa kuna Mola na kuna hesabu, ila mali na starehe zimemlaza. Utenzi hauthibitishi kwamba moto upo. Unamkumbusha anayeamini kuwa upo. Kwa hiyo mtu ambaye imani yenyewe ndiyo inayotikisika, ukimtisha unamwongezea khofu juu ya shaka, na shaka inabaki pale pale. Dawa ya aliyelala haimfai asiyepata usingizi. Sayyid Abdalla hana lawama katika hili. Mwenye lawama ni tabibu aliyetoa dawa bila ya kumwuliza mgonjwa anaumwa wapi.

Linganisha na Imamu Ghazali katika kitabu chake Al-Munqidh min adh-Dhalal, alichokiandika akiwa amepita miaka 50. Huyu ni mwanachuoni aliyesomesha katika Nidhamiya ya Baghdad mpaka alipoiacha mwaka 1095. Anaeleza bila ya kuona haya kwamba zamani alipatwa na shaka kubwa, hata asiamini macho yake wala akili yake, na hali hiyo ikadumu karibu miezi miwili. Anasema hakuponywa kwa hoja alizozipanga, bali kwa nuru ambayo Mwenyezi Mungu aliitia kifuani mwake. Huko kufunuliwa wenye elimu hukuita kashfu, na neno inkishafi limetoka katika asili hiyo hiyo. Sayyid Abdalla alifunuliwa ubaya wa dunia. Ghazali alifunuliwa kwamba Mola hajamwacha. Moyo wa mwanadamu unahitaji yote mawili, kila moja kwa wakati wake.

Huenda mtu akasema: kumsikiliza mwenye shaka ni kumfungulia mlango wa kufru. Basi na amsome Nabii Ibrahim katika Suratul Baqara. Alimwomba Mola wake amwonyeshe namna anavyohuisha wafu. Alipoulizwa kama haamini, alijibu kuwa anaamini, ila anataka moyo wake utulie. Hakufukuzwa, aliamrishwa kutwaa ndege wanne. Na masahaba walipomshitakia Mtume (s.a.w.) kwamba nafsi zao huwaletea mambo mazito wasiyothubutu kuyatamka, aliwaambia kuwa huko kuchukizwa kwao ndiyo imani iliyo wazi. Imo katika Sahihi Muslim. Mwenye kufanya dini mzaha hukumu yake ni nyingine. Lakini anayelia kwa kuogopa kuipoteza imani yake, machozi yake ni ushahidi kuwa bado anayo.

Nilimwendea kijana yule nikamtaka radhi. Jioni kadhaa tulikaa kwenye jiko la mkaa tukisoma kisa cha Ibrahim, na Suratu Dhuha iliyoteremka wahyi ulipokuwa umekatika na Mtume mwenyewe ana huzuni. Sikuweza kumjibu kila alichouliza. Nilimwusia asiiache swala hata kama moyo umekauka, na azidishe kumtaja Mola. Siku moja, baada ya Alfajiri, aliniambia: "Bado nauliza, Shekhe, lakini sasa namwuliza Yeye." Kisha akaniomba tena Al-Inkishafi, nami nikampa.

Enyi wazazi, mwanenu akiwa mbali, Njombe au Muskati au London, akawaandikia kuwa moyo wake una shaka, msianze na moto. Mwulizeni kwanza amefikwa na nini. Huenda kuna kaburi ambalo hamjaambiwa.

Ewe Mola, Mgeuzaji wa nyoyo, zithibitishe nyoyo zetu na za watoto wetu katika dini yako, na uwatulize wanaokuuliza. Amin.