Mlango Ambao Kipindupindu Hakiufungi

Wanaoteka maji Ziwa Kivu, wawe wa Mapendo au wa mitaa mingine ya Goma, wanamfahamu yule mtu wa ufukweni mwenye sirinji isiyo na sindano. Anavuta klorini, anaisukumia ndani ya bidoni ya lita 20, kifuniko kinafungwa. Nusu saa ipite ndipo maji yanyweke. Mwenye kiu huiona ndefu, na ndiyo maana napenda kueleza tumbo la asiyeingoja linapatwa na nini.

Bakteria wa kipindupindu wakimezwa, wengi huuawa na asidi ya mfuko wa tumbo. Wanaonusurika huteremka hadi utumbo mwembamba, na huko ndiko kwenye hesabu kubwa ya maji. Kwa siku moja utumbo hupokea takriban lita 9. Tulizokunywa ni kama 2 tu. Zilizobaki mwili umezimwaga wenyewe: mate, maji ya tumbo, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo wenyewe. Karibu zote hurudi kwenye damu. Kinachotoka na choo hakijazi glasi. Utumbo huikopa damu maji na kuilipa siku hiyo hiyo.

Kipindupindu huzuia malipo. Hakitoboi utumbo wala hakiuchubui. Sumu yake huingia ndani ya seli za ukuta na kuziamuru zimwage chumvi bila kukoma, na chumvi ikitoka, maji huifuata. Mgonjwa mahututi hupoteza hata lita nzima kwa saa, choo kikiwa cheupe kama maji yaliyooshewa mchele. Macho huzama. Ngozi ya tumbo ukiifinya na kuiachia, mkunjo unabaki umesimama.

Katika seli zile zile upo mlango ambao sumu haiugusi. Sodiamu ya chumvi na glukosi ya sukari huvuka hapo zikiwa pamoja, kisha maji huzifuata. Mwanabiokemia Robert Crane aliueleza mwaka 1960. Kwa hiyo maji matupu hayatoshi, na anayezidisha sukari kwa huruma anaharibu, kwani sukari nyingi huvuta maji kutoka kwenye damu. Pakiti ya ORS, yaani mchanganyiko wa chumvi na sukari unaoyeyushwa katika maji ya kunywa, kwa lita moja ina gramu 13.5 za glukosi na 2.6 za chumvi ya kawaida, pamoja na potasiamu na sitrati. Mwaka 1971, katika kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, daktari Dilip Mahalanabis aliwanywesha wagonjwa mchanganyiko wa namna hiyo, na vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4.

Miaka 23 baadaye, Julai 1994, mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma kwa siku chache. Ardhi ya mawe ya volkano ilikataa kuchimbika, iwe choo au kaburi. Takriban watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Elimu ya mlango ule ilikuwapo tayari. Hilo linaniuma hadi leo.

Madaktari waliotoka Dhaka, Bangladesh, kusaidia, walichunguza vituo vya matibabu na kuandika walichokiona: maji ya mshipani yaliingizwa polepole mno, mengine hayakuwa ya aina inayofaa, ya kunywa yalitumika kidogo, na wahudumu wengi hawakuwa na uzoefu wa ugonjwa huu.

Fikiria mtu mzima wa kilo 60 aliyekwisha kulegea. Anahitaji lita 6 mshipani ndani ya saa 3, na karibu 2 kati ya hizo ziingie katika nusu saa ya kwanza. Matone ya polepole, kama anayotundikiwa mgonjwa wa malaria, hayamfikii. Akiweza kumeza, apewe kikombe cha ORS papo hapo, dripu ikiwa bado mkononi. Akitapika, subiri dakika 10, kisha uanze tena kijiko kwa kijiko.