Kanuni Nilizoziacha Nje

Anayekisoma tu kitabu cha kanuni za mchezo hawezi kukihakiki kama anayekinakili kwa mkono. Msomaji huruka ukurasa usiomgusa na maisha yakaendelea. Mwenye kalamu hulazimika kuamua kama ukurasa huo unastahili wino na maumivu ya vidole. Ndiyo maana daftari langu la Dungeons & Dragons, nililolikunja na kulishona mwenyewe, nalihesabu kuwa uhakiki wa kitabu lilikotoka.

Kwa asiyeujua mchezo huu: watu wachache huketi mezani, mmoja akisimamia hadithi, wengine kila mmoja na mhusika wake. Msimamizi hueleza mnachokiona, nanyi mnamwambia mnachofanya. Pale matokeo yasipokuwa na hakika hurushwa dadu, mara nyingi ile ya pande ishirini. Kanuni zipo ili kusaidia kuamua, ila ni nyingi mno. Kitabu cha mchezaji cha toleo la 2014 kina zaidi ya kurasa 300, na jitu likishainua rungu hakuna anayetaka kusubiri msimamizi apekue faharasa.

Daftari langu lina kurasa 32. Karatasi nane za kawaida za ofisi, zikikunjwa katikati, hutoa hizo. Hutobolewa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano huanzia ndani, hutokea tundu la katikati, huingilia la juu, huruka hadi la chini, kisha hurudi katikati, na ncha mbili za uzi hufungwa fundo juu ya mshono mrefu. Kazi ya dakika kumi. Kuamua cha kuandika humo kulinichukua miezi miwili.

Kitabu chenyewe kinadai kwamba mchezo umesimama juu ya nguzo tatu: kuvumbua mazingira, kuzungumza na watu, na kupigana. Nililiamini dai hilo mpaka nilipoanza kugawa nafasi. Maelezo ya uchawi peke yake yanakula takriban kurasa 80. Sura ya mapigano ina kama kumi. Mazungumzo hayafiki mbili. Nguzo moja ni ya zege, nyingine ni ya mabua. Na mezani kwetu, nusu ya usiku huisha watu wakimbembeleza mlinzi wa lango au wakipatana bei na mwenye mashua. Kwa hiyo mazungumzo niliyapa kurasa sita, na kwa kuwa hapakuwa na cha kutosha kunakili, nyingi niliziandika mwenyewe: mtu huyu anataka nini, anaogopa nini, nini kitamfanya abadili neno.

Nanakili kwa Kiswahili, kwa sababu wapwa zangu na rafiki zao hucheza kwa Kiswahili, ingawa tunaishi Minneapolis na shuleni wanasoma Kiingereza. Maneno mengi yalikubali bila ubishi. Alama za kuonyesha mhusika amebakiza nguvu kiasi gani kabla ya kuanguka niliziita uhai. Ugumu wa kumpiga niliuita kinga. Nilikwama kwenye neno "race", ambalo toleo la 2014 linalitumia kwa elfi, orki na wenzao. Niliandika kabila, nikamwonyesha mpwa wangu mkubwa.

"Mjomba," akasema, "kwa hiyo kabila la mtu ndilo linaamua akili yake?"

Kwa Kiingereza nilikuwa nimeisoma kanuni hiyo miaka mingi, nayo ikapita kama hesabu tu. Katika toleo la 2000, nusu-orki alikatwa alama mbili za akili tangu kuzaliwa. Toleo la 2014 halikumkata, lakini liliendelea kumwongezea elfi wa juu alama moja ya akili kwa damu yake. Kwa Kiswahili, kwa watoto ambao wazee wao wanajua neno kabila limewahi kufanya nini, kanuni ileile haikuwa na pa kujificha. Niliifuta. Katika daftari letu kila mchezaji huweka nyongeza zake anapotaka. Wachapishaji nao walifika huko kwa njia yao: toleo la 2024 limeliacha neno hilo, na nyongeza zimehamia kwenye maisha aliyoishi mhusika kabla ya safari.

Atakayesema huku ni kukikosea heshima kitabu akumbuke kilivyozaliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hapa hapa Minneapolis na Saint Paul, Dave Arneson aliongoza mchezo wake wa Blackmoor kwa noti zake mwenyewe. Noti hizo zilimfikia Gary Gygax wa Lake Geneva, Wisconsin, akazipanua, na mwaka 1974 nakala 1,000 za kwanza zilipangwa kwa mikono ndani ya visanduku. Na tangu Januari 2023, kiini cha kanuni za toleo la 2014 kimewekwa chini ya leseni ya Creative Commons: yeyote anaweza kukinakili na kukibadili, mradi ataje kilikotoka.

Hata hivyo daftari safi lina hasara yake. Mwongozo wa msimamizi wa mwaka 1979, alioandika Gygax, umevurugika vibaya. Unatafuta kanuni ya magonjwa, unajikuta unasoma juu ya vito vya thamani, na kesho yake vito hivyo vimekuwa hadithi. Daftari langu haliwezi kunipoteza namna hiyo. Lina yale tu niliyokwisha kujua kwamba nayahitaji.

Dawa niliyoipata ni madaftari mengi. Mpwa wangu ameshashona lake. Amerudisha kanuni za uzito wa mizigo, ambazo mimi nilizitupa bila huruma, kwa kuwa mhusika wake ni mchukuzi na anataka ijulikane anabeba kiasi gani. Wiki iliyopita tulibishana mlangoni mwa pango kuhusu gunia moja la chumvi. Jibu lilikuwa kwenye ukurasa wake wa tisa.