Mo Yan: Jina la kunyamaza, riwaya ya kusema

Wanaodai Mo Yan wa Uchina huufyata mbele ya dola, nashuku hawajaisoma ‘Wa’, riwaya yake ya 2009. Kweli, lakabu yenyewe ni ‘usiseme’. Aliipata kwa kupasua herufi moja ya jina lake la kuzaliwa, Guan Moye. Lakini jamani, anasema! ‘Wa’ ni chura; ni mtoto pia, ukibadilisha toni. Shangazi mkunga aliyezalisha kijiji ndiye huyo huyo anayewawinda wajawazito chini ya sera ya mtoto mmoja. Uzeeni, mlio wa vyura unamtia kiwewe. Mimi sidai hotuba nyingine kutoka kwake. Tamthilia aliyoibandika mwishoni ndiyo iliyonichosha. Vyura walikwisha kuyasema yote.