Nani Aliyesikiliza? Taarabu na Somo la New Cross

Tunapoandika tarikhi ya taarabu, sisi tulio ughaibuni huanzia pahala pamoja: kasri ya Sayyid Barghash bin Said na ala zilizotoka Misri. Kisha twaruka hadi Ikhwani Safaa, mwaka 1905, na hapo twaweka kalamu chini. Nami nimeandika hivyo zaidi ya mara moja. Leo najikosoa.

Kilichonigutua ni kitabu cha Paul Gilroy, The Black Atlantic, kilichotoka mwaka 1993 alipokuwa akisomesha Goldsmiths, chuo kilichoko New Cross, Lewisham, hapa London. Hoja yake ni kwamba watumwa walionyimwa kalamu waliweka fikra zao katika muziki, na sahani za santuri zilizovuka bahari ni ushahidi kwa mwanahistoria kama barua na vitabu.

Hoja hiyo mtu huifahamu vyema akipita New Cross Road. Januari 1981 nyumba moja ya barabara hiyo iliungua usiku wa sherehe ya kuzaliwa, wakafa vijana weusi 13. Wazee wao walilalamika kuwa wakubwa wa nchi walikaa kimya. Linton Kwesi Johnson, aliyesoma sosholojia hapo hapo Goldsmiths, akautungia msiba huo shairi na kulirikodi kwa rege. Atakayetaka kujua watu wa mtaa ule walihisi nini hatatosheka na majalada ya polisi.

Na sisi je? Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa ukoo uliotoka utumwani, alirikodi Bombay mwaka 1928, na sahani zake zikasikilizwa pwani nzima. Wimbo wake «Kijiti» wasimulia mwanamke aliyeuawa. Muuaji akatoroka, na wanawake waliotoa ushahidi wakatiwa hatiani. Hiyo nayo ni khabari ya mahkama, lakini imesimuliwa na waliokuwa nje ya mlango wake.

Gilroy ana upungufu: bahari yake ni moja. Majahazi yetu, watumwa wetu na studio za Bombay hazimo. Pengo hilo kwa sehemu kubwa limezibwa na Laura Fair katika Pastimes and Politics (2001). Yeye aliwaendea wazee wa Ng'ambo, akawauliza nyimbo hizo zilimsema nani, na wao walizifahamu vipi. Suala la nani alipiga ganuni sisi tumelijibu sana. La nani alikaa akasikiliza, tumewaachia wageni.

Nadhani sababu yake twaijua, ila hatupendi kuitaja. Ukiuliza nani alisikiliza, utaulizwa pia nani alikuwa mtumwa wa nani, na miongoni mwetu wamo wajukuu wa pande zote mbili. Taarabu ya kasri haimtii mtu aibu. Taarabu ya Ng'ambo yatutaka tujieleze.

Kitabu cha Fair chaishia mwaka 1945. Waliohama baada ya 1964 hawamo, wala kaseti walizochukua katika masanduku yao, zikanakiliwa kutoka nyumba hadi nyumba, Maskati, Dubai na London. Tarikhi hiyo haiko katika maktaba yoyote niijuayo. Iko katika makabati yetu. Kila mzee anapofariki, watoto husafisha chumba, na kaseti huwa za mwanzo kutupwa kwa kuwa hakuna tena mashine ya kuzichezesha.

Basi nawaomba wasomaji wetu watukufu jambo moja dogo. Kabla ya kutupa, mkalisheni bibi au babu, mumuonyeshe kaseti, na msimuulize jina la mwimbaji tu. Muulizeni ilipigwa katika harusi ya nani, nani alikuwemo ukumbini, na nani alibaki nje akisikilizia dirishani. Huyo wa dirishani ndiye tuliyemsahau kumwandika.