Kukanda Jeraha Bichi

Kwamba safu yetu ya ulinzi ilicheza kwa nidhamu na kiungo mkabaji akaziba mianya yote, hilo halina ubishi, wala silirefushi. Lililonikera tangu Jumapili ni lile la dakika ya 31, pale winga wa kulia alipokanyaga vibaya karibu na kibendera, kifundo kikapinduka kwa ndani, na tabibu wa timu, badala ya kukifunga bendeji na kumtoa, akaagiza chupa ya maji ya moto, akalowesha taulo, akalikamua, akalibandika juu ya kifundo ambacho hata sisi wa jukwaani tulikiona kikifura. Akakanda, kisha akakanda tena kwa kidole gumba, juu ya mfupa wa nje hasa, halafu akamrudisha uwanjani.

Kosa hilo ni dhahiri na halina udhuru. Kano ikichanika, vijishipa vya damu hupasuka pamoja nayo. Joto huvitanua, damu ikazidi kuvuja ndani, uvimbe ukaongezeka, ilhali mchezaji, kwa kuwa maumivu yamelegea kidogo, hudhani amepona. Wapo watakaonikumbusha kwamba Gabe Mirkin, daktari wa Kimarekani aliyetunga mwaka 1978 kanuni ya kupumzisha, kuweka barafu, kufunga na kuinua, alirejea mwenyewe mwaka 2014 akasema barafu yaweza kuchelewesha kupona. Ni kweli, lakini kuitilia shaka barafu si kuhalalisha maji ya moto, na hili nimelikariri msimu baada ya msimu.

Wala siidharau harara. Sayyid Barghash aliujengea mji wa Unguja hamamu, na Wafini waliokwenda Berlin mwaka 1936 walikuwa na chumba chao cha mvuke katika kijiji cha wanamichezo, wakatwaa medali zote tatu za mita 10,000. Ila wazee wale waliupeleka mvuke kwenye misuli iliyochoka. Maji ya moto yana wakati wake: siku mbili tatu baadaye, uvimbe ukisha kutulia, au jioni ya mazoezi kwa mtu mzima wa afya, robo saa katika nyuzi 40 hivi, maji ya kunywa yakiwa karibu, na kuinuka taratibu kwa sababu shinikizo la damu hushuka.

Winga alitoka dakika ya 40 akichechemea. Kwa kuwa alishtuka kila mfupa ule ulipoguswa, nauomba uongozi umpeleke akapigwe eksirei kabla ya mtu yeyote kumgusa tena.