Jinsi ya Kupima Nyenzo za Kiswahili Mtandaoni

Anza na kiboko. Ingia kwenye tovuti au programu unayotaka kuwapa wanafunzi wako, utafute sentensi yenye mnyama wa aina hiyo. Ukikuta "kiboko kikubwa kimelala", achana nayo. Aliyeitunga amekariri jedwali la ngeli, lakini hajui kwamba Kiswahili sanifu husema "kiboko mkubwa amelala". Tazama pia watendwa: penye "niliona Asha" badala ya "nilimwona Asha", mara nyingi sentensi zimefasiriwa neno kwa neno na hakuna aliyezipitia.

Kwenye kamusi usitafute "piga", maana kila kamusi inalo. Andika "hatukupigiwa". Mwanafunzi hukutana na kitenzi kikiwa na viambishi mbele na nyuma, na kamusi iliyohamishwa tu kutoka kwenye karatasi humwacha hapohapo. Iliyo bora humfikisha kwenye piga, kisha humwonyesha piga simu, piga pasi na piga magoti, kila moja ndani ya sentensi kamili.

Sauti ndiyo inayoharibiwa zaidi. Sikiliza neno barabara. Likiwa njia ya magari, mkazo huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Likiwa na maana ya sawasawa, huangukia ya tatu kutoka mwisho. Sauti ya mashine aghalabu huyatamka yote mawili vilevile. Sikiliza na ng'ombe kando ya ngoma, usikie kama sauti zao za mwanzo zinatofautishwa. Mimi naichagua rekodi ya simu yenye jogoo anayewika nyuma, mradi msemaji ametajwa ni wa Mombasa au Mbeya, kuliko sauti safi ya studio isiyojulikana ni ya nani.

Mtafiti ana vipimo vyake. Korpasi ya Kiswahili ya Helsinki, yaani mkusanyo wa matini wenye maneno takriban milioni 25, ina thamani kwa sababu vitenzi vyake vimechanganuliwa: tafuta mzizi, upate maumbo yake. Ila haitakuambia mjifunzaji hukosea wapi. Hapo yanahitajika maandishi ya wajifunzaji wenyewe, pamoja na lugha zao za kwanza. Hifadhi ya IRIS ya Chuo Kikuu cha York, Uingereza, hutoa bure hojaji na majaribio yaliyokwisha kutumika katika utafiti wa lugha ya pili. Yachukue, lakini yajaribu upya. Jaribio la wingi lililotungwa kwa Kiingereza, ambako nomino nyingi huongezewa s tu, halitagusa upatanisho unaofika hadi kwenye kivumishi na kitenzi, na wageni wengi hukwama hapo.