Wabenzi na Simbi Nyaima: Uhakiki wa Neno Moja la Tabaka

Utangulizi

Neno Wabenzi limekwisha kuzoeleka katika Afrika ya Mashariki tangu miaka ya 1960, na wahakiki wengi wa fasihi hulitumia kana kwamba maana yake imetulia. Husemwa kwamba Wabenzi ni wale viongozi na matajiri wapya ambao, baada ya uhuru, walijitenga na umma wakajitambulisha kwa gari la Mercedes-Benz. Maelezo hayo ni ya kweli lakini hayatoshi. Neno hili hulitaja kundi na papo hapo hulihukumu. Na kila hukumu haina budi kuulizwa: imesimama juu ya ushahidi gani, inamtia nani hatiani, na inamwachilia nani?

Makala haya yanakusudia kulihakiki neno hilo kama hadithi au shairi linavyohakikiwa: kwanza umbo lake, pili historia ya kitu kilicholizaa, tatu matumizi yake katika fasihi. Baada ya hapo litapimwa kwa kipimo kisichotoka mjini, nacho ni hadithi ya Simbi Nyaima inayosimuliwa na Wajaluo wa Kendu Bay, kando ya Ghuba ya Winam. Dai la makala ni kwamba Wabenzi ni hukumu iliyoishia njiani. Imeliona tabaka, lakini imeshika alama ya tabaka hilo badala ya kushika kitendo chake.

Umbo la neno

Kiambishi wa- ni cha ngeli ya watu. Kikitanguliwa na kitenzi katika mawazo ya msemaji, huzaa majina ya kazi: wakulima, wavuvi, walinzi. Lakini kikiwekwa moja kwa moja mbele ya jina la pekee, msikilizaji hutarajia jina la kabila au taifa: Wakamba, Wahaya, Waganda. Kwa hiyo aliyesema Wabenzi kwa mara ya kwanza alitania kwa sarufi. Alichukua jina la kampuni ya Kijerumani, akalipa kiambishi cha ukoo, na papo hapo likazaliwa kabila lisilo na mto wala mlima, wala miiko ila ile ya kutopanda basi.

Mzaha huo ulikuwa na maana nzito. Katika nchi ambamo siasa zilizoea kuhesabiwa kwa makabila, neno hili lilidai kwamba mpaka mkubwa zaidi umepita mahali pengine. Mkikuyu, Mjaluo na Mkamba wangeweza kukutana katika ‘kabila’ hilo wakaelewana kuliko kila mmoja wao alivyoelewana na binamu yake aliyebaki shambani. Neno lilisema kwa silabi tatu jambo ambalo wanasiasa wengi hawakupenda lisemwe.

Ni jambo la kuangaliwa kwamba neno hili huishi zaidi katika wingi. Kwa kanuni za Kiswahili umoja wake ungekuwa Mbenzi, kama Mkamba au Mganda. Ngũgĩ wa Thiong’o, katika mkusanyo wake Secret Lives wa mwaka 1975, aliipa hadithi moja anwani ‘The Mubenzi Tribesman’, akibakiza irabu ya kiambishi kama ilivyo katika Kigikuyu. Lakini katika mazungumzo ya kawaida mtu mmoja hatajwi sana kwa jina hilo. Hulaumiwa kundi, mtu binafsi hupita.

Huko Kendu Bay neno hili hukutana na lugha isiyo ya Kibantu. Dholuo hutumia ja- kwa umoja na jo- kwa wingi. Japur ni mkulima na jopur ni wakulima. Jalupo ni mvuvi na jolupo ni wavuvi. Na watu wa Karachuonyo, ambako Kendu Bay ipo, huitwa Jo-Karachuonyo. Kiambishi kile kile kinabeba kazi na mahali bila kubadili jinsi kinavyoungwa. Msemaji wa Dholuo anayelisikia neno la Kiswahili anaweza basi kuuliza swali ambalo mzaha wa kabila hulifunika: hawa ni watu wa wapi, au ni watu wa kazi gani?

Swali hilo ndilo linalofichua udhaifu wa kwanza wa neno. Kabila mtu huzaliwa nalo, ilhali tabaka hutengenezwa. Katika Tanzania, Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Katika Kenya, Tume ya Ndegwa ya mwaka 1971 ilikubali watumishi wa serikali wajishughulishe na biashara zao binafsi. Nchi hizo mbili zilifuata njia mbali mbali, lakini zote zilijua mahali pa kutazama: hisa, mshahara, nyumba, leseni. Gari ni matunda ya mambo hayo. Neno Wabenzi linaonyesha tunda, wala halionyeshi mti.

Historia ya gari na sifa yake

Sifa ambayo neno hili liliazima ilikuwa imekwisha kukomaa kabla ya kufika kwetu. Tarehe 29 Januari 1886 Carl Benz wa Mannheim aliomba hati ya uvumbuzi wa gari la magurudumu matatu lililoendeshwa kwa injini. Mwaka 1888 mkewe, Bertha Benz, aliliendesha pamoja na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, safari ya zaidi ya kilomita 100, na hivyo kuuthibitishia umma kwamba chombo hicho si cha kuchezea. Jina Mercedes lilitoka upande wa kampuni ya Daimler: mfanyabiashara Emil Jellinek alilitoa kwa binti yake, nalo likasajiliwa mwaka 1902. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1926. Nyota yao yenye ncha tatu ilikusudiwa kuwakilisha nchi kavu, maji na hewa.

Kwa hiyo sifa ya kwanza ya gari hili ilikuwa ya kazi na uimara. Sifa ya pili, yaani ukubwa wa mwenye gari, ilifuata, nayo ilikuwa na doa lake. Watawala wa Kinazi walijionyesha hadharani katika magari hayo, na wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vya kampuni vilitumia watu waliofanyishwa kazi kwa nguvu. Uhusiano wa nyota hiyo na mabavu haukuanzia Afrika.

Katika Afrika ya Mashariki sifa zote mbili zilionekana. Mashindano ya magari ya Safari yalianza mwaka 1953. Mwaka 1959 na 1960 Bill Fritschy alishinda kwa gari la Mercedes-Benz, na mwaka 1961 akashinda John Manussis, pia kwa Mercedes-Benz. Ushindi huo ulipatikana katika matope na vumbi, mbele ya macho ya wanavijiji waliosimama kando ya njia. Kisha, mwaka ule ule wa 1963 ambapo Kenya ilipata uhuru, kampuni ilionyesha gari lake la aina ya 600, ambalo lilikuja kupendwa na wafalme na marais wa nchi nyingi.

Hapo ndipo udhaifu wa pili unapoonekana. Tusi linalojengwa juu ya jina la kitu chenye sifa njema haliwezi kukitukana kitu hicho. Anayemwita mtu Mbenzi humlaumu na papo hapo humkiri kwamba amefika. Aidha, nyota ile ile imebandikwa kwenye malori ya mizigo, na Ujerumani kwenyewe imebandikwa kwenye teksi. Dereva wa lori la Mercedes aliyelala chini ya gari lake njiani, akisubiri kipuri, hakuitwa Mbenzi na mtu yeyote. Umma, basi, ulijua tangu mwanzo kwamba gari si hoja. Lugha yake ndiyo iliyobaki nyuma ya ujuzi wake.

Wabenzi katika fasihi

Ngũgĩ, aliyefariki mwaka 2025, ndiye aliyelifanyia neno hili kazi kubwa kuliko mwandishi mwingine yeyote wa Kenya. Katika ‘The Mubenzi Tribesman’ anamchora msomi aliyetaka kuishi kwa kadiri ya wakubwa, akaiba, akafungwa. Hapa neno limetumiwa kwa maana yake ya kawaida: Ubenzi ni tamaa, na tamaa ina adhabu. Hadithi inaelimisha, lakini msomaji anaweza kutoka humo akiamini kwamba kosa la mtu huyo ni kukosa uwezo wa kulipia anasa zake.

Hadithi ya ‘A Mercedes Funeral’, iliyomo katika mkusanyo huo huo, inakwenda mbali zaidi. Mtu maskini anakufa wakati wa uchaguzi, na wagombea wanashindana kumzika. Katika mashindano hayo linaletwa jeneza lenye umbo la Mercedes-Benz. Kifani, tashtiti hii imefaulu kwa sababu imelitoa gari mikononi mwa mwenye mali na kulitia mwilini mwa asiye na kitu. Marehemu hakuwa Mbenzi hata siku moja. Amefanywa Mbenzi ili wengine wapate kura. Kwa mara ya kwanza msomaji haonyeshwi nani ana gari, bali gari linafanya kazi gani baina ya watu.

Katika Caitaani Mũtharaba-inĩ ya mwaka 1980, iliyotolewa kwa Kiswahili kama Shetani Msalabani mwaka 1982, mabwanyenye wanaoshindana kwa wizi hutaja magari yao miongoni mwa sifa zao, ilhali wasafiri wa kawaida wamefika Ilmorog kwa matatu kuukuu ya Ford. Ulinganisho huo umepangwa vizuri. Hata hivyo, kinachowatia hatiani mabwanyenye hao ni maelezo yao wenyewe ya namna walivyonyang’anya. Magari ni pambo la ushahidi. Mwandishi alipotaka kuhukumu hasa, alilazimika kuliacha neno na kurudi kwenye kitendo.

Kipimo cha Kendu Bay

Karibu na mji wa Kendu Bay lipo ziwa dogo la maji ya magadi, Simbi Nyaima, yaani kijiji kilichozama. Masimulizi yake yana tofauti ndogo ndogo, lakini kiini ni kimoja. Palikuwa na kijiji kilichokuwa katika sherehe, pombe ikinyweka na ngoma ikichezwa. Akaja bibi kizee mgeni akiomba hifadhi, akafukuzwa. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Bibi kizee akamwonya aondoke, kisha mvua ikanyesha, ardhi ikadidimia, na kijiji kikawa ziwa.

Ukilinganisha hadithi hii na neno Wabenzi, tofauti moja hujitokeza mara. Simbi haihukumu pombe wala ngoma, na shibe yenyewe haikulaumiwa. Kilichohukumiwa ni mlango uliofungwa. Na kwa kuwa hukumu imesimama juu ya kitendo, mwanamke mmoja wa kijiji kile kile, jirani wa walevi wale wale, aliweza kutoka salama. Laiti hadithi ingesimama juu ya alama, huyo naye angezama.

Haifai, hata hivyo, kuisifu hadithi kupita kiasi. Hakimu wake ni mvua, si umma. Watoto walizama pamoja na wazee, na wanyonge wa kijiji, kama walikuwapo, hawatajwi. Hadithi inajua ukarimu na uchoyo, lakini haijui kwamba chakula cha karamu kililimwa na fulani kikaliwa na fulani. Wabenzi, kwa upande wake, linajua jambo hilo. Neno lina tabaka lakini halina kitendo, na hadithi ina kitendo lakini haina tabaka. Kila kimoja ni nusu ya mwenziwe.

Yaliyotokea baadaye yamethibitisha udhaifu wa alama. Katika bajeti ya Juni 2009 serikali ya Kenya iliwaagiza mawaziri waache magari makubwa watumie Volkswagen Passat, gari jingine la Kijerumani. Tena, wakubwa wengi wamekwisha kuhamia magari marefu ya Kijapani yanayostahimili njia mbovu. Ikiwa Mbenzi ni mwenye Mercedes-Benz, basi kabila hilo linaweza kufutwa kwa agizo la siku moja, bila shamba hata moja kurudishwa kwa mwenyewe.

Hitimisho

Jambo hili linawahusu watungaji wa kamusi kama linavyowahusu wahakiki. Atakayelieleza neno Wabenzi kuwa ‘watu wenye magari ya Mercedes-Benz’ atakuwa ameandika historia ya biashara. Maana inayostahili ni ile iliyomo katika uhusiano: watu waliotumia mamlaka ya umma kujitajirisha, kisha wakaufungia umma huo mlango. Gari litajwe kama asili ya neno, wala lisitajwe kama maana yake.

Mwalimu anayelifundisha neno hili pamoja na hadithi za Ngũgĩ angefanya vema kuwaambia wanafunzi wake pia habari za Simbi Nyaima. Watacheka kwa neno, na hapana ubaya. Lakini wakifika kwenye ukingo wa ziwa lile wataona kwamba bibi kizee hakuuliza wenyeji walimiliki nini. Alibisha hodi, akangoja aone nani atamfungulia.